Ng'ombe wa Maonyesho

Mimi nilikuwa tayari kuolewa. Mifumo ya serikali ndiyo haikuwa tayari. Mchumba wangu alitoka Tarime, upande wa Tanzania, mahali ambapo baba aliona ni mbali mno kumpeleka binti. Akasema bila ng'ombe kusimama uani kwetu Kenyenya, huku Kenya, Jumamosi ile, hakuna harusi, na nisimlilie mtu. Hatukuwa na wasiwasi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kibali cha mifugo cha nchi moja sasa kinasomeka kwenye kompyuta za nchi ya pili.

Kusomeka, kilisomeka. Ila daktari wa mifugo kule alikuwa ameandika sababu ya safari kuwa mahari, na kompyuta ya huku haikulijua neno hilo. Afisa wa mpakani akatusomea sababu alizokuwa nazo yeye: kufuga, kuchinja, maonyesho. Wa kufuga wangewekwa karantini hadi harusi ipite. Wa kuchinja wangepita saa hiyo hiyo.

"Chagua kuchinja twende zetu," nikamnong'oneza mchumba wangu. Yeye, kwa adabu zake za mkwe, akampigia baba kwanza.

"Kuchinja?" Sauti ya baba ilifika mpaka kwa ng'ombe. "Ng'ombe ya msichana wangu iandikiwe kisu kabla sijaiona? Hiyo ni mkosi! Hiyo ingine ni gani?"

"Maonyesho, mzee."

"Si ndiyo hiyo! Wazee wote wanakuja kuangalia pembe na meno. Andika maonyesho."

Wakapita. Wazee wakawakagua kweli kweli, wakamsema mmoja kwa wembamba wake, nami nikaolewa.

Miezi ikapita. Siku moja tumekuja kumsalimia baba, simu ya mume wangu ikalia, ujumbe wa upande wa Kenya: muda wa maonyesho umekwisha, rudisha wanyama. Papo hapo ukaingia ujumbe wa upande wa Tanzania: tuko tayari kuwapokea. Mifumo ilikuwa imeelewana hatimaye.

Kwetu Wagusii, ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha na mke anarudi kwao. Nilicheka, kisha nikaogopa. Baba alizisoma jumbe zote mbili polepole, na nilijua hajasahau kwamba Tanzania ni mbali. Akamrudishia mume wangu simu.

"Wajibu," akasema. "Waambie maonyesho bado inaendelea."