Chemchemi Iliyogeuka Waridi

Shangazi yangu hanywi maji ya bomba. Anasema yana ladha ya bomba, na mimi ninayebisha kila kitu sijawahi kulibishia hilo. Maji yake ni ya chemchemi iliyo chini ya mawe, nje kidogo ya Kihesa, na majirani wengi wanachota hapohapo. Kwa hiyo niliporudi kutoka chuoni Mbeya nikakuta mtaa unataka shimo la zamani la kifusi, juu tu ya chemchemi ile, liwe dampo, nyumbani kulikuwa kama msibani.

Mwenyekiti wa mtaa alidai chini ya shimo kuna udongo mfinyanzi, maji hayapenyi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema anajua. Shangazi akadai uchafu utafika kwenye ndoo yake kabla masika hayajaisha. Nikamuuliza naye amejuaje. Akasonya. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, nami nikafurahi kama mtoto, maana jambo hili lilipimika.

Shangazi husuka vikapu vya milulu, majani marefu ya kinamasi, na rangi nyekundu huichemsha mwenyewe kwa mizizi. Watoto huilamba na hawaumwi. Nikamwomba sufuria moja ya rangi hiyo tuimwage shimoni, ambako maji ya mvua yalikuwa yametuama, kisha tuichunguze chemchemi. Nilipanga yote kisomi, nikasahau kwamba kwetu huendi kwenye kazi ya mwenzio mikono mitupu. Wasukaji wenzake walipopata habari, walipanda mlima kwa msururu, kila mmoja na sufuria yake kichwani, wakitaniana njia nzima. Shimo likawa jekundu pyu. Mwenyekiti, aliyekuja kushuhudia, alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Msomi," aliniambia, "kumbe huko chuoni mlikuwa mnasomea mchuzi?"

Siku zikapita. Kila asubuhi nilikinga maji ya chemchemi kwenye glasi, nikaiinua juani; maangavu vilevile. Nikaanza kumwamini mwenyekiti, jambo lililoniuma, na shangazi akawa ananiitikia salamu yetu ya "kamwene" kwa mbali kama mgeni. Kikao cha kupitisha dampo kilikuwa Jumatatu.

Ijumaa ikanyesha mvua kubwa. Jumamosi akina mama walidamka kwenye ukungu kufua magauni meupe ya kipaimara cha kesho yake. Nani angeona rangi ya maji, wakati mabeseni yenyewe ni mekundu? Jua lilipochomoza, kamba za mtaa mzima zilikuwa zimejaa magauni ya rangi ya waridi.

Nilikimbia nyumba hadi nyumba nikihakikisha, nikicheka peke yangu. Shangazi alicheza mpaka kitenge kikamfunguka. Mke wa mwenyekiti alilibeba gauni la binti yao hadi barazani kwa mumewe.

"Mwenyekiti," alisema, "udongo wako mfinyanzi huu hapa."

Jumapili watoto walipanga mstari kanisani kama bustani. Mchungaji alikohoa kwa muda, kisha akaendelea na ibada. Baada ya hapo mwenyekiti alimfuata shangazi uwanjani, akavua kofia, akamwambia dampo halitakuwa kule tena, litakwenda upande wa pili wa mlima, ambako maji hayapenyi kabisa.

Nikamuuliza amejuaje.

Alinitazama. Akawatazama wale watoto wa waridi, binti yake akiwa mbele yao, kisha akamgeukia shangazi.

"Dada, ile rangi imebaki?"