Damu ya Nyakio na Vidonge Vyangu vya Presha

Dagoretti kuna madaktari wengi kuliko ng'ombe. Wifi yangu Nyakio, muuza matumbo karibu na kichinjio, alipoanza kukohoa mwaka 2004, muuza maini alisema ni TB, fundi viatu akaunga mkono, na pasta akaikemea mbele ya kanisa zima. Kliniki nayo ikaona isibishane na umma. Nyakio alimeza dawa za TB miezi sita, kikohozi kikanenepa. Wateja, kwa upendo wa Kikristo, wakahamia meza ya jirani.

Kisha jicho la kushoto likaingia ukungu. Daktari Kinyanjui wa mjini ndiye wa kwanza kutazama picha ya kifua chake bila kuwa na jibu tayari. Alisema kuna ugonjwa unaofanana na TB: mwili wenyewe huota vinundu vya uvimbe mapafuni na machoni, na hauambukizi mtu. Damu ingepelekwa Afrika Kusini kupimwa kimeng'enya fulani ambacho vinundu hivyo hukimwaga kwenye damu. Kikiwa juu, angemwanzishia dawa ya kutuliza uvimbe kabla jicho halijaharibika. Nyakio aliposikia hauambukizi, alitaka neno hilo liandikwe na kupigwa muhuri.

Sasa, sisi watu wa Uthiru, mtaa wetu hapo Dagoretti, hatumwendei daktari wa mjini tukiwa wagonjwa hivi hivi. Tunaoga, tunavaa nguo za kanisani, tunajitibu kidogo ili tusimwaibishe. Nyakio alilalamikia kichwa, nami kwa hekima zangu nikaamua ni presha. Nikamgawia vidonge vyangu, kila siku kimoja, kuanzia wiki mbili kabla ya kutolewa damu. Daktari alipomuuliza kama anatumia dawa yoyote, alisema hapana, na kwetu huo si uongo. Dawa yako ni ile yenye jina lako kwenye bahasha. Ile ilikuwa na jina langu.

Majibu yalirudi: kimeng'enya kiko chini. Daktari akakuna kichwa, akamrudisha kwenye dawa za TB, safari hii na sindano. Dagoretti ikaridhika, maana ilikuwa imesema.

Mwezi wa pili wa sindano nilimsindikiza, kwa kuwa ngazi hakuziona vizuri tena. Pale mbele ya daktari nikatoa vidonge vyangu, nikameza kimoja, nikampa Nyakio chake. Daktari akaomba kuona pakiti. Akatueleza polepole kwamba dawa hiyo ndiyo hasa hukishusha kile kimeng'enya. Nyakio akaviacha vidonge wiki nne, damu ikapimwa upya, kikawa juu mno. Dawa ya uvimbe ikamwondolea kikohozi. Jicho la kushoto halikurudi.

Nilikaa na aibu hiyo mwezi mzima, kisha nikamwambia kwamba jicho lake nimelipofusha mimi.

"Najua, Mama Kui," akasema. "Lakini wakati watu wote walinitoroka, ni wewe tu ulikuwa unakunywa chai kwa kikombe yangu."

Ningependelea anitukane.