Krimu ya Kunirudisha Utotoni

Siku mama yangu mzazi aliponiamkia shikamoo, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimefika Sigino, kwa kaka yangu, mama anakoishi, sukari na sabuni mkononi. Akainuka kitini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kaka akanivuta pembeni, akaniambia kwamba tangu kumbukumbu zianze kumpotea mama, anamtaja sana bibi, mama yake, aliyeugua na kufariki yeye akiwa mbali. Sasa bibi ndiye mimi. "Umefanana naye mno," kaka akasema, "hasa hayo makunyanzi ya machoni."

Sikuitikia. Nitasemaje marahaba kwa mwanamke aliyenizaa? Mdomo ulikataa katakata. Nilirudi mjini nimevurugika, na nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: mama aniite tena mwanangu kabla hajasahau kila kitu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Babati. Nguo ikipwaya naibana, ikiwa ndefu naikata. Nikajiambia hata uso nao unarekebishika. Makunyanzi yakipungua, mama atamwona mwanawe. Wazo la kijinga, najua, lakini ungekuwa wewe ungefanyaje?

Daktari wa ngozi aliniandikia cheti, na dada wa duka la dawa akanipa tyubu ndogo. "Hii ni tretinoini, mama, jamii ya vitamini A. Siyo mkorogo, haikubadilishi rangi. Paka jioni, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Mchana jikinge na jua. Na uwe mvumilivu, matokeo ni miezi." Miezi! Kisha akaniuliza kama nina mimba, maana mjamzito haruhusiwi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sasa hivi labda nibebe vitambaa."

Alicheka, akanielekeza namna ya kujipima. Nijipige picha dirisha lilelile, saa ileile, bila kutabasamu, kisha nizifungie hadi miezi ipite, kwa sababu anayejitazama kila siku haoni kitu. Alimwambia nani? Mimi na kutulia tuligombana zamani. Nilikuwa nashona pindo, naacha, nafungua simu, naukuza uso mpaka vitundu vya ngozi vionekane, nairudisha simu, naitoa tena. Siku moja nikaweka tepu yangu ya kupimia kwenye kona ya jicho, nikajiona mwehu, nikaitupa mezani.

Kwa haraka zangu nikazidisha dawa. Uso ukawaka moto, ukabanduka magamba puani na kidevuni, ikabidi niache kwanza upone. Mteja mmoja akanitazama, akaguna. "Jamani fundi, umri huu na wewe umeanza mkorogo?" Nikamjibu gauni lake halijaisha, arudi wiki ijayo. Lilikuwa limeisha, linaning'inia nyuma yangu.

Sigino niliendelea kwenda. Kila mara mama aliinuka, shikamoo, mama, na kila mara nilimkatiza: "Mimi ni mwanao." Alikuwa anarudi kitini polepole, anashika pindo la kanga. Na mimi nilikuwa narudi mjini nimechukia, nimechukia hasa, nikiulaumu uso wangu.

Hatimaye nikaziweka picha mbili pamoja, ya kwanza na ya asubuhi ile. Mstari wa katikati ya nyusi ulikuwa palepale, mbishi. Lakini vile vimistari vya machoni vilikuwa vimefifia kweli, na ngozi imelainika. Nikapiga kigelegele peke yangu kibandani. Nikavaa kofia pana, nikapanda bodaboda, njia nzima namhimiza kijana wa watu aongeze mwendo.

Mama alikuwa uani anachambua mbaazi. Alinitazama muda mrefu, akaweka ungo chini, akanigusa shavu. Nikasema moyoni, sema, mama, sema.

"Leo hujanuna," akasema.

"Sijanuna, mama."

"Nakuamkia siku zote, huniitikii. Unanigeuzia uso. Nikajua bado una hasira na mimi, kwa sababu uliumwa sikuja." Akashika pindo la kanga. "Sikupata nauli, mama. Haki ya Mungu, ningekuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi yote hiyo nilikuwa nakuza picha zangu kwenye simu, na mama yangu alikuwa anakaa pale akiamini mama yake amemnyima salamu. Sikumtazama hata mara moja vizuri. Nilikuwa nangoja anitazame mimi.

Akajifuta macho kwa kanga, akainamisha kichwa, akajaribu tena, kwa woga.

"Shikamoo, mama."

Nikaushika mkono wake. Neno nililokuwa nalisubiri kutoka kwake ikabidi nilitoe mimi.

"Marahaba, mwanangu."