Umeamkaje, Mama?

Mnaonijua mnajua mdomo wangu haupumziki, basi leo nisikilizeni. Nilikuwa mzima kabisa. Tunaishi Brampton, huku ughaibuni, na nilikuwa nikipanga mizigo kwenye ghala huko Malton, karibu na uwanja wa ndege. Siku moja nikanyanyua sanduku vibaya, mgongo ukakaza palepale.

Daktari akaniandikia vidonge vikali vya maumivu, vya muda mfupi tu. Vikaisha, maumivu yakabaki. Nikalalamika kanisani baada ya ibada. Kina mama wa kwetu na huruma yao! Mmoja akanipa vilivyobaki vya upasuaji wake, mwingine vya mumewe. Nikapokea kama ninayepewa maandazi. Dawa za kulevya kwangu zilikuwa mambo ya wahuni, si ya mama aliyefunga kitenge.

Mwili ukaanza kusema. Choo kikafunga mpaka nikawa nalia chooni. Ngozi inawasha, nasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Nikichelewa kumeza, natoka jasho na makamasi, tumbo linaendesha. Binti yangu Neema ananisemesha Kiingereza kutwa, isipokuwa salamu ya asubuhi: "Mama, umeamkaje?" Mimi namjibu salama.

Neema alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha vijana wa kanisa. Wakatualika wazazi kwenye ukumbi mmoja huko Agincourt, tutazame mchezo wao kuhusu dawa za kulevya. Nikakaa mbele kusubiri wahuni. Akatoka Neema, amefunga kitenge changu, kashika kiuno, anaongea Kiswahili changu kitupu, anaomba wenzake kidonge kimoja tu, jamani. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha msichana aliyeigiza mtoto wake akamwuliza ameamkaje. Neema akameza kidonge, akajibu, "Salama tu, mwanangu."

Kicheko kikanikauka.

Kiongozi wao akasimamisha mchezo. Akasema mwenye jibu jingine kwa niaba ya huyu mama apande jukwaani, achukue nafasi yake. Nikainuka, nikapanda. Neema akakivua kitenge, akanifunga, akashika nafasi ya mtoto. Akauliza tena.

"Sijaamka vizuri," nikasema. "Vidonge vimenishinda. Naogopa kufa."

Akanishika mikono, akalia mbele za watu wote. Nami nikalia.

Nikaenda kwa daktari, nikamweleza yote. Akanionya, "Usiache ghafla. Tutapunguza kidogo kidogo." Nilitaabika, jamani. Usingizi ulikimbia, miguu haitulii kitandani, nikagombana na kila aliyenipikia uji. Lakini vidonge nimeviacha. Mgongo bado unauma baridi ikizidi. Nanyoosha viungo kama nilivyofundishwa.

Namshukuru Mungu, daktari na vijana wale. Kina mama, vidonge vilivyobaki rudisheni duka la dawa, msigawiane. Na aliyezidiwa asione haya kumwambia daktari.

Neema bado ananisemesha Kiingereza kutwa. Ila salamu ya asubuhi, zamani aliitoa akipita. Siku hizi anasimama mlangoni mpaka nimjibu.