Mashine Haikuwa na Kosa

Dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cheche, alichomelea mageti tangu mimi nikiwa shule. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi nyuma yake. Moto nauogopa, sifichi.

Kizunguzungu kilipomwanza hadi akaanguka, akalaumu mashine. "Hii inavujisha umeme," akasema. Akabadilisha waya, akanunua viatu vya mpira. Fundi wa kuchomelea angewaza nini kingine? Akaanguka tena, mashine ikiwa imezimwa. Hapo nikamkokota hospitali, tukigombana njia nzima.

Daktari alitueleza taratibu. Moyo una umeme wake, unaanzia juu na kushuka kuviamuru vyumba vya chini vipige. Wa dada ulikuwa unachelewa njiani, na mapigo mengine hayafiki kabisa. Siku moja njia ingekatika, vyumba vya chini vibaki kupiga polepole kivyao. Alihitaji kifaa kidogo cha kuusukuma moyo, kinachowekwa chini ya ngozi. Ila kuchomelea ndiyo basi, maana mashine ingeweza kukivuruga.

"Kumbe mnataka kunizika nikiwa hai!" dada akajibu, akashika njia.

Jeuri ile! Miezi ikapita anachomelea huku anahema kama kapanda mlima. Nikisema neno, ananiambia nipake rangi ninyamaze. Mpaka akadondoka karakana, geti la shule likiwa nusu.

Safari hii daktari hakuzunguka. Njia ya umeme ilikuwa imekatika.

"Siwekewi kitu," dada akanong'ona kitandani. "Nani atalimalizia geti langu?"

Hasira zikanipanda mpaka nikalia. "Nitalimalizia mimi! Umesikia? Mimi huyu huyu mwoga! Kufa hufi, nakukatalia!"

Akanitazama weee. "Wewe? Si utaunguza mtaa." Kisha akamwambia nesi amwite daktari.

Sasa dada anakaa kwenye kiti mlangoni, mbali na mashine, moyo unapiga barabara. Siku ya kwanza nilivaa kofia yake ya kuchomelea. Nikaunga vyuma viwili, nikainua kofia nimwoneshe.

"Hayo nini? Mavi ya kuku?" akafoka, kwa ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Kata! Anza upya!"

Machozi yalikuwa yananitoka, nacheka. Nikakata, nikaanza upya.