Kijiko cha Mshumaa

Daw Ohn Tin, yaani Bi Ohn Tin, fundi cherehani wa mtaa wetu, aliweza kukaa saa nzima bila kujikuna, hata mbu akimtulia puani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipojiandikisha siku kumi kwenye kituo cha kutafakari cha ng'ambo ya mto. Aliweka nadhiri: siku kumi za kimya, na thawabu yake yote iende kwa mama yake, Daw Ngwe Hla, aliyepooza miguu tangu mwaka jana. Mama aliachwa nyumbani na chupa ya chai na bakuli la wali kando ya kitanda. Wifi mtu, Ma Kyu, angekuja kulala naye, lakini si kabla ya saa kumi jioni, akishafunga genge lake sokoni.

Wazo lilimjia siku ile ile ya kwanza, saa mbili asubuhi. Alikuwa amefumba macho, anafuata pumzi, tumbo linapanda, tumbo linashuka, mara likaingia: hivi ule mshumaa niliuzima?

Alfajiri, kama kila siku, alikuwa amepanga maua na maji mbele ya sanamu ya Buddha, akawasha mshumaa, akasujudu. Kuuwasha alikumbuka vizuri. Kuuzima hakukumbuka hata kidogo.

"Wazo," akajisemea moyoni, kama tulivyofundishwa sote. Wazo likija usipigane nalo wala usilikaribishe. Litaje tu, urudi kwenye pumzi. Wazo, wazo, wazo. Likaondoka. Haikupita dakika likarudi, na safari hii lilimleta mama yake kitandani, na kuta za mianzi, na maua ya karatasi pale juu ya madhabahu. Moyo ukampasuka. "Woga," akautaja. "Woga, woga." Jasho lilimtiririka mgongoni hadi kiunoni, naye hakufumbua macho. Tena akajisifu kidogo kwa hilo. Hapo ndipo ninapomkasirikia, na mimi ni mtu ninayempenda.

Saa tano ikagongwa kengele ya chakula. Kila mtu huja na bakuli na kijiko chake, na Daw Ohn Tin alikuwa amefunga mzigo wake tangu jana usiku, umeme umekatika, anapapasa. Akaingiza mkono mfukoni. Kilichotoka kilikuwa kijiko chenye mpini uliopinda, mgongoni kimejaa masizi.

Kwetu mshumaa wa Buddha haupulizwi kwa mdomo. Ni utovu wa heshima. Yeye aliufunika kwa kijiko, na kijiko chenyewe kilikuwa hicho hicho, miaka nenda miaka rudi. Sasa kama kijiko kimelala ndani ya mfuko tangu jana, leo alfajiri aliuzima kwa kutumia nini?

Akamwendea Daw Thila, mtawa wa kike anayesimamia wanawake, akamnong'oneza habari ya mshumaa.

"Shii!" Daw Thila akamkatiza. "Siku ya kwanza ninyi wote mnaunguza nyumba. Mwaka jana mmoja aliunguza yake mara tatu, kwa pasi, na pasi yenyewe hana! Subiri zamu yako kwa Sayadaw."

Akasubiri, jamani. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili alikaa kwenye mkeka foleni nzima, kijiko kimebanwa kiganjani, anataja: woga, woga, woga. Zamu yake ilifika saa saba.

"Umeona nini?" Sayadaw, mwalimu mkuu, akamwuliza.

"Mshumaa, Sayadaw. Nimeacha mshumaa unawaka nyumbani."

"Umeutaja?"

"Nimeutaja."

"Ukarudi kwenye pumzi?"

"Nikarudi. Nao ukarudi."

"Basi utaje tena. Mawazo ndiyo kazi yake, kuzurura."

Daw Ohn Tin akaweka kijiko mbele ya mzee, akamweleza cha nini na kilikuwa wapi. Mzee akakitazama, uso ukambadilika.

"Binti yangu, hiki si wazo. Nyumbani kuna nani?"

"Mama. Hatembei."

"Na bado umekaa hapa?"

Hakusujudu hata kuaga. Alikimbia peku hadi kivukoni, na mashua ilivyokuwa inajikokota, alitamani kujitupa majini aogelee. Macho yake yalikuwa juu ya paa za ng'ambo tu, yakitafuta moshi. Hapakuwa na moshi. Akapiga kona ya mtaa wetu, akaiona nyumba imesimama. Karibu acheke.

Akafungua mlango, harufu ya kuungua ikampiga usoni. Ukuta wa madhabahu ulikuwa mweusi hadi darini. Maua ya karatasi hayapo. Chini, mbali na kitanda, mama yake alikuwa amelala juu ya blanketi lililoungua na kulowa chai, viganja vyote viwili vimetoka malengelenge. Alikuwa hai.

"Maua yaliangukia mkekani yakiwaka," mama akasema, sauti imekauka. "Nikajibwaga chini na blanketi na chai, nikajiburuta, nikayafunika. Kurudi kitandani ndiyo imenishinda."

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Muuza maharage alikuwa anapita. Saa mbili hivi. Nilikuita, weee, nikakuita! Halafu nikasema, ah, mwanangu yuko kwenye kikao, hasikii."

Daw Ohn Tin akaanguka magotini.

"Nilisikia, mama," akasema. "Ulikuja mara nyingi. Nikawa nakufukuza."

Mama yake hakuelewa, au labda alielewa. Alimnyooshea mikono ile iliyoungua.

"Ninyanyue kwanza," akamwambia. "Utalia baadaye."