Mafuta ya Karafuu na Paka Wangu Somoe

Kwanza ilikuwa sauti: tk, tk, tk, mguu wa paka ukigonga ubao wa kitanda. Kabla sijafumbua macho, nilijua Somoe ameamka na anajikuna. Mwaka ule mama alikuwa amekwenda kufanya kazi Mombasa, nami, mtoto wa miaka tisa, nilibaki mtaani Mkomani na bibi, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene ambazo hata kikohozi cha jirani hakikuzivuka. Bibi alishinda akidarizi kofia, kimya, sindano ikiingia na kutoka. Neno langu la kwanza kila asubuhi nilimwambia paka.

Joto lilipozidi, viroboto wakazidi. Mikeka ikaanikwa, sakafu ikamwagiwa maji ya chumvi, na bado miguu ya bibi ilijaa vipele.

"Ijumaa paka huyu atoke," akasema. "Akakae sokoni na wenziwe."

"Bibi, paka wa nyumba haingwa."

"Na viroboto wake je? Nao ni wa nyumba?"

Alhamisi bibi alipokwenda matangani, nilipanda kiti nikakitoa kabatini kichupa cha mafuta ya karafuu. Mafuta yale tuliyaamini kama tunavyoiamini dua. Bibi aliyatia kwenye jino langu lililooza, akayasugua kwenye magoti yake, akayachanganya katika singo za kuwasugua maharusi. Kitu kinachompamba bi harusi kitamdhuruje paka? Nikamsinga Somoe kuanzia shingoni hadi mkiani, nikamviringisha leso, nikamfukiza udi. Alinitazama kwa macho yaliyobanwa, akavumilia. Nilipomwachia, alikaa kizingitini akaanza kujiramba, unywele kwa unywele, kwa bidii ya kiumbe anayependa usafi. Nilicheka. Nilidhani anafurahia kunukia.

Adhuhuri mate yalimchuruzika. Alijaribu kuruka dirishani, miguu ya nyuma ikamsaliti. Bibi aliporudi alinikuta nimelala sakafuni, uso wangu ubavuni mwa Somoe, nikizihesabu pumzi zake. Alinusa, akamtia paka kwenye kikapu, akajifunga buibui lake upya, tukaenda mbio kwa tabibu wa punda.

Tabibu alimwosha Somoe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mara tatu.

"Lakini ni dawa ya asili, Bwana," bibi akamwambia.

"Hata sumu ya samaki bunju ni ya asili, Bi. Paka hujiramba. Ukimtia kitu manyoyani umemtia tumboni, na ini lake haliyawezi mafuta haya. Viroboto huchanwa kwa kitana chembamba, matandiko yakafuliwa. Wakiwashinda, njooni kwangu."

Somoe alipona. Ijumaa ikapita, na hakuna aliyetaja sokoni. Bibi ndiye aliyemlisha mchuzi wa samaki kwa kidole, ndiye aliyemchana kila alasiri. Mimi nilipomkaribia, Somoe aliinuka taratibu akahamia chumba kingine. Asubuhi nilisikiliza ubao wa kitanda, haukugongwa tena.

Sasa bibi ameshazikwa, na nyumba ni yangu. Dawa zile tulizozipata kabatini siku hizi huingia kwa simu. Juzi jirani yangu Bi Zuhura alibisha hodi, simu mkono mmoja, kichupa mkono wa pili.

"Nipe ndimu mbili, shoga. Yule paka wangu kawa nyumba ya viroboto. Hapa wasema matone kumi ya karafuu kwa maji ya ndimu, hayana madhara."

"Usimtie, Zuhura."

"Waogopa karafuu nawe? Si twainywa kwenye chai!"

Nikamsimulia. Alianza kwa kucheka. Nilipofika kwenye miguu iliyomsaliti Somoe alikuwa amekaa, simu imezimika pajani. Alikiweka kichupa mezani, akaomba kitana, nikampa.

"Mafuta haya nakuachia," akasema. "Mimi nna mtu ananingoja akijikuna."

Nilimsindikiza hadi ukumbini. Akatoka, na mlango mzito ukajifunga nyuma yake, nikabaki na kuta nene na ubao wa kitanda usiogongwa.